Shika Jiwe Kwanza: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kusoma Milima

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa jiolojia, na ninyi mlioajiriwa juzijuzi kwenye timu za kutafuta maji au madini, karibuni sana. Niko kwenye kazi hii mwaka wa 22 sasa. Kila msimu napokea vijana wa mafunzo kazini. Wana akili, wamesoma, simu zao zimejaa ramani, na karibu wote wanajikwaa palepale nilipojikwaa mimi: wanauliza mlima umetokeaje kabla hawajauliza umejengwa kwa jiwe gani.

Mwaka wangu wa pili chuoni tulipelekwa Pare Kaskazini kwa majuma matatu ya mafunzo ya uwandani. Mimi nimekulia Moshi. Kwangu mlima ulikuwa Kilimanjaro, na mlima mwingine wowote ulikuwa mdogo wake. Kwa hiyo hata kabla basi halijafika Mwanga nilikuwa nimeshapata jibu. Milima hii imepakana na Kilimanjaro, udongo wake mwekundu kama wa kwetu, migomba imestawi kama ya kwetu, basi hii nayo ni volkano, ila imezeeka na kuliwa na mvua. Usiku wa kwanza nikaandika hivyo kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, nikapigia mstari.

Asubuhi yake, tukiwa njiani kupanda Usangi, mwalimu wetu akaokota jiwe ukingoni mwa barabara akanikabidhi. Neno alilosema ni moja: "Shika." Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Milia myeusi na myeupe ilikuwa imelala sambamba, ikipinda pamoja na kunyooka pamoja, kama kili za mkeka zilizoshonwa bega kwa bega. Kwenye milia myeusi ulanga, yale madini ya magamba yanayong'aa, ulimetameta kila nilipoligeuza juani. Ndani ya ile myeupe kulikuwa na vidonge vyekundu vilivyokolea, vya ukubwa wa punje ya mtama. Akaniuliza, "Lava ya kwenu Moshi inayo haya?"

Haina. Lava niliyoikanyaga utoto wangu wote ni ya kijivu au nyeusi, ina vitundu gesi ilimotokea, pengine na fuwele nyeupe zilizotawanyika kila upande, lakini haina milia iliyokunjwa. Mawe yale ya milia yalikuwa kwenye kuta za matuta tuliyopita jana yake na kwenye msingi wa nyumba tuliyolala. Sikuyatazama hata mara moja, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari.

Jiwe lile linaitwa naisi, na vile vidonge vyekundu ni garneti. Madini hayaoti popote yatakapo. Kila moja lina joto lake na mgandamizo wake, na mkusanyiko wa madini uliomo kwenye naisi nyingi za Upareni unahitaji joto la nyuzi 700 hadi 800 na uzito wa miamba yenye unene wa kilomita 30 hivi juu yake. Tulieni hapo kidogo. Jiwe nililokuwa nimelishika mkononi, kando ya barabara, watoto wa shule wakipita, liliwahi kukaa kilomita 30 chini ya ardhi. Maana yake kulikuwa na mlima juu yake, tena mlima mkubwa, na mlima huo haupo tena.

Hapo ndipo mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya tabaka gumu la juu yanayosogea polepole, yalipoanza kuwa na maana kwangu. Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita kulikuwa na bahari mahali hapa. Ardhi mbili kubwa zilisogeleana, bahari ikafungwa katikati, zikagongana, na ganda la dunia likakunjwa na kurundikana. Mgongano huo ulichukua makumi ya mamilioni ya miaka na ukaacha safu ya milima inayolinganishwa na Himalaya ya leo, kutoka Msumbiji hadi Ethiopia na kuendelea mpaka Uarabuni. Tunachokiona Upareni, Usambara, Uluguru na Taita ni mashina ya safu hiyo. Kilele kimeshasombwa zamani sana.

Ukanda huo wa miamba unaitwa Mkanda wa Msumbiji. Jina hilo lilitolewa mwaka 1951 na Mwingereza Arthur Holmes, na huyu ni mtu mnayepaswa kumjua. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Alichopata zaidi ni malaria. Lakini ni yeye aliyekuja kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupima umri wa miamba kwa kutumia madini yenye urani, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akapendekeza kwamba koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, huzunguka polepole kwa joto lake na kuyabeba mabara. Alfred Wegener alikuwa ameshasema mwaka 1912 kwamba mabara yanasafiri, wakambishia kwa sababu hakuweza kuonyesha kinachoyasukuma. Alifia Greenland mwaka 1930. Ushahidi wenyewe ulipatikana baadaye, chini ya bahari: Marie Tharp alipochora ramani ya sakafu ya Atlantiki miaka ya 1950 aliona bonde refu limepasua mgongo wa milima iliyozama katikati ya bahari, na bonde hilo lilifanana na Bonde la Ufa la huku kwetu. Mambo haya mtayasoma kwa urefu darasani, kwa hiyo nayaacha hapo.

Ninachotaka mkishike ni umri, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Milioni 640 na milioni 2.5 zote zinasikika kama "zamani sana", ubongo unazifunga kwenye furushi moja. Mimi huwafundisha vijana wangu hivi. Chukua mgongano uliotengeneza mawe ya Pare uwe mzee wa miaka 64. Kwa kipimo hicho Kilimanjaro, kilichoanza kujengeka kama miaka milioni 2.5 iliyopita, ni kichanga wa miezi mitatu. Kibo, kilele chake kirefu, ilitapika kwa nguvu mara ya mwisho juma lililopita. Meru ilitoa majivu mwaka 1910, hiyo ni dakika chache tu zilizopita, na mlipuko wa Ol Doinyo Lengai wa 2007 ni dakika moja. Mzee na kichanga wanakaa nyumba jirani, barabara moja, udongo wa rangi moja. Na mimi nilimwita mzee mdogo wake kichanga.

Sasa mtaniuliza: kama kilomita 30 za mwamba zimesombwa, mbona Pare bado ni milima? Swali zuri, na jibu lake nililielewa bandarini. Nendeni Malindi Unguja, au gati lolote ambako majahazi yanapakuliwa. Jahazi lililojaa magunia limezama mpaka karibu na ukingo. Wapagazi wakishusha magunia, jahazi linainuka lenyewe, hakuna anayelisukuma. Ganda la dunia ni jahazi la namna hiyo. Chini ya tambarare za kawaida lina unene wa kilomita 35 au 40. Chini ya Himalaya na Tibet unakaribia kilomita 70, yaani mlima mrefu una mzizi mrefu. Mvua ikichonga juu, mzizi unainuka. Ukiondoa mita 1,000 za mwamba, ardhi inapanda tena mita 800 na zaidi kufidia, kwa hiyo kilele kinashuka kidogo tu huku miamba ya chini ikisogea kuelekea juani. Rudia hilo kwa mamilioni ya miaka, jiwe la kina cha kilomita 30 linafika barabarani Usangi. Juu ya hapo, nyakati za baadaye ardhi ilipovutwa na kukatika, vipande vilipanda na vingine vikashuka, ndiyo maana ukingo wa Usambara pale Mombo umesimama kama ukuta uliokatwa kwa msumeno.

Ukielewa hilo la jahazi utakuwa umevuka nusu ya somo. Nusu nyingine ni kuondoa kichwani picha ya mabamba yanayoelea juu ya bahari ya moto. Karibu kila kijana ninayempokea anayo. Koti la dunia si uji. Ni mwamba mgumu, karibu wote, ila ni mwamba unaotiririka ukipewa muda. Niliwahi kukaa kambi moja na mafundi wa barabara, na palikuwa na pipa la lami limeanguka ubavu na kupasuka. Nilichukua nyundo yangu nikaligonga bonge lililotokeza: likavunjika vipande vyenye makali kama chupa. Majuma matatu baadaye lami ileile ilikuwa imetoka yenyewe kwenye pipa na kujilaza chini kama ulimi. Ilikuwa ngumu kwa nyundo na laini kwa majuma. Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia kimeiweka lami kwenye faneli tangu 1927, na kufikia 2014 yalikuwa yamedondoka matone 9 tu. Koti la dunia ni gumu kupita lami mara nyingi mno, lakini nalo limepewa muda mwingi mno.

Kama koti ni gumu, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inatoka wapi? Waulizeni wapishi wa Kilimanjaro. Kambi za juu maharage hayaivi, maana maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha, na kileleni kabisa, mita 5,895, yangechemka karibu nyuzi 80. Mgandamizo wa hewa umepungua, kwa hiyo maji yanageuka mvuke kwa joto dogo. Mwamba wa koti nao una tabia inayofanana. Kule chini una joto la kutosha kuyeyuka, ila mgandamizo unauzuia. Ukivuta ganda la juu likawa jembamba, koti linapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo ya mwamba inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Hiyo ndiyo magma ya Bonde la Ufa. Kwenye ukingo wa Sumatra au wa milima ya Andes njia ni nyingine: bamba la bahari linazama chini ya jingine likiwa na maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yanayolainisha mwamba mpaka uyeyuke. Bamba linalozama hukwama, likikwamuka linatikisa bahari. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lilileta mawimbi hadi Somalia, Kenya na Dar es Salaam, na watu wakafa huku kwetu kwa ajili ya mabamba yaliyokutana upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Vitabu vingi vya mwanzo vinaitanguliza Himalaya, na vina haki yao. India iliigonga Asia kama miaka milioni 50 iliyopita na bado inasukuma, sentimita kadhaa kila mwaka. Chokaa iliyo juu kabisa ya Everest, mita 8,849, ina mabaki ya viumbe wa baharini. Lakini mwanafunzi wa Afrika Mashariki akimaliza sura hiyo huondoka akiamini kwamba milima yote hutokana na kubanwa. Yetu mingi ya leo imetokana na kuvutwa. Bamba la Somalia, upande wa mashariki, linajitenga na bamba la Nubia lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, ganda linakuwa jembamba, na kwenye kuvutwa huko kuna mambo mawili: kutoboka na kuinuka. Panapotoboka ndipo tunapata Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Lengai, Nyiragongo. Panapoinuka bila kutoboka tunapata Ruwenzori. Mpandeni siku moja, mita 5,109, barafu juu, na hamtakuta lava kileleni. Ni kipande cha ganda la kale kilichosukumwa juu kati ya nyufa. Huwezi kulijua hilo kwa picha. Ni mpaka ushike jiwe.

Mabamba haya yanatengana kwa milimita 2 hadi 6 kwa mwaka, kaskazini kwa kasi zaidi, kusini polepole zaidi. Ukucha wako unakua kama milimita 3 kwa mwezi. Kwa hiyo ufa wetu kwa mwaka mzima unafungua kiasi cha ukucha wa mwezi mmoja au miwili. Kariri hesabu hiyo, itakuokoa.

Iliniokoa mwezi Machi 2018. Baada ya mvua kubwa ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu, Kenya, ikakata barabara ya kwenda Narok, shimo refu lenye kina cha mita 15 hivi. Dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inagawanyika. Simu yangu haikulala, hata mama yangu alinipigia kuuliza kama ahame. Nilikaa chini na penseli. Ufa wa upana wa mita 20, kwa milimita 4 kwa mwaka, ni miaka 5,000, lakini huu umetokea kwa siku chache. Hapo ungeweza kusema kesi imekwisha, na wengi walisema, ila bado haijaisha. Mwaka 2005 kule Afar, Ethiopia, ardhi ilifunguka hadi mita 8 kwa majuma machache tu, kwenye mstari wa kilomita 60. Ile milimita 4 ni wastani. Ufa hukaa kimya mamia ya miaka, kisha unaruka mara moja. Kwa hiyo swali la haki ni hili: ardhi ikifunguka kutoka chini, kingeonekana nini kingine? Afar palitikisika zaidi ya mara 100, magma ikapanda na kujaza ufa. Mai Mahiu hapakuwa na matetemeko ya namna hiyo. Kulikuwa na mvua, majivu laini ya volkano za kale, na udongo uliosombwa ukaacha pango ambalo paa lake likaporomoka. Huenda palikuwa na mpasuko wa zamani chini yake ulioonyesha maji njia, na wataalamu walijadiliana juu ya hilo. Lakini kilichochimba ni maji. Nilimwambia mama asihame.

Nawaomba mlichukue hilo kwa uzito, kwa sababu siku moja mtaulizwa ninyi, na wanaouliza watakuwa na hofu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, zaidi ya watu 80 wakafa. Wapo waliodhani mlima umelipuka. Haukulipuka. Ni volkano iliyozimika kitambo, na miamba yake iliyooza ilinyonya mvua mpaka ikashindwa kujishika. Volkano iliyolala kwa maelfu ya miaka bado inaweza kuua kwa mvua peke yake, na mtu anayejenga bondeni anastahili kuambiwa hivyo kabla ya masika, kwa lugha anayoielewa.

Daftari. Tumia penseli. Mvua ya Usangi iliuosha wino wangu siku ya nne na ule mstari niliopigia ukawa doa la bluu. Ukurasa wa kushoto andika ulichokiona: rangi, ukubwa wa punje, milia inalala kuelekea wapi na kwa nyuzi ngapi. Ukurasa wa kulia andika unachofikiri. Usizichanganye kamwe. Miaka kumi baadaye mawazo yako yatakuwa yamebadilika mara tatu, lakini kipimo cha ukurasa wa kushoto kitabaki kuwa kipimo. Wahenga walishasema usiandikie mate na wino upo, nami nimeona ripoti nyingi zilizoandikwa kwa mate, kurasa 80 za nadharia ya mabamba na hakuna hata sampuli moja iliyovunjwa kwa nyundo. Usipovunja, unasoma kutu ya nje tu. Jiwe lolote likikaa juani linavaa koti la kahawia na yote yanafanana.

Mkobani weka nyundo, lenzi ya kukuza mara 10, dira yenye kipima mwinamo, asidi kidogo iliyozimuliwa kwa ajili ya chokaa, na sumaku. Sumaku watu huidharau. Mimi nilijifunza thamani yake Ugweno, huko huko Pare Kaskazini, kutoka kwa mzee mmoja aliyenikuta nimeinama kijitoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepoteza nini humo?"

Nikamwambia natafuta habari za mlima. Akashuka na mkongojo wake, akanionyesha pale kijito kinapopinda, upande wa ndani wa kona, mstari wa mchanga mweusi mzito uliojikusanya. "Masika yakiisha ndipo unajaa hapa," alisema. "Washana walikuwa wanauchukua kwenda kuyeyusha chuma." Nikatumbukiza sumaku, ikatoka na ndevu nyeusi. Ni magnetiti, inayotoka kwenye naisi zilezile zikioza. Ukoo wa wafua chuma wa Ugweno walijua, vizazi vingi kabla ya chuo chochote, kwamba mto hupanga mchanga kwa uzito na wapi unapouacha. Hilohilo ndilo tunalolipia semina ili tufundishwe kutafuta dhahabu. Tangu siku ile siingii kijiji chochote bila kukaa kwanza na wazee.

Nyumbani tuliambiwa kwamba Mawenzi alikuwa akizimikiwa na moto kila mara, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana meno meno kichwani. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi ya kulalia. Leo naiona tofauti. Walioitunga waliutazama mlima vizuri: walitambua kwamba vilele hivyo viwili vimewahi kuwa na moto, kwamba wa Mawenzi ulizimika kwanza, na kwamba Kibo alibaki nao. Mawenzi, mita 5,149, ilizimika mapema kweli, mmomonyoko ukaitafuna ikabaki mifupa. Kibo ni changa na bado inatoa gesi kwenye shimo lake la juu.

Na kule Goma kuna neno ambalo wanasayansi wa volkano duniani kote wamelichukua kama lilivyo: mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayovuja kwenye nyufa za lava na kulala mabondeni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani hapandi tena. Siku yangu ya kwanza huko nilitaka kuchuchumaa kwenye shimo dogo niangalie mwamba, kijana aliyekuwa akituongoza akanivuta kwa kola ya shati. "Mazuku, kaka." Ukiona ndege au mjusi amekufa kwenye kishimo, usimfuate na lenzi yako. Na msiende uwandani peke yenu, hata kwa saa moja.

Wengine mnaingia kwenye maji badala ya madini, na mtadhani mabamba hayawahusu. Angalieni meno ya watu wengi waliokulia vijiji vya kuzunguka Meru: yana doa la kahawia. Magma iliyotoka koti lenye mvutano kama wa kwetu huja na floridi nyingi, maji ya ardhini yanaichukua, mtoto anaikunywa meno yakiwa bado yanaota. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima cha kwanza nilichosimamia upande huo kilitoa maji mengi, masafi, kijiji kikashangilia, na kipimo kikarudi kimezidi mara kadhaa. Tulilazimika kukifunga mbele ya kina mama waliokuja na ndoo. Kama tungesoma jiwe lililotoka kwenye mtambo wa kuchimba tangu mita za kwanza, tungehamia upande mwingine mapema. Naikumbuka siku ile kuliko ugunduzi wowote.

Kwa wale mtakaofika Mirerani: wanaapolo, wale wachimbaji wa tanzanaiti, wakitoka shimoni wanakuwa weusi tii kwa kinywe, yaani grafiti. Ni kwa sababu kito hicho, kilichogunduliwa hapo mwaka 1967, kinakaa kwenye naisi zenye kinywe, na wao wanaufuata mkanda wa kinywe kwa mikono. Kinywe hicho asili yake ni tope lenye mabaki ya viumbe kwenye ile bahari iliyofungwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Kaeni nao mzungumze. Wanaijua mikunjo kwa mgongo.

Mkipata likizo, pandeni basi la Moshi kwenda Dar na mchukue kiti cha dirishani upande wa kushoto. Kilimanjaro itabaki nyuma yenu, kisha Pare itaanza Mwanga na kuwasindikiza mpaka Same na mbele, halafu Usambara itaipokea. Basi likisimama Same watu washuke kununua maji, shuka nawe. Utayaona mawe ya milia yamemwagwa kando ya barabara. Okota moja, lilowanishe kidogo kwa maji ya chupa, ligeuze juani utafute ulanga, kisha utafute vile vidonge vyekundu.